Meno meupe ya utoto yanavyodanganya: kisa cha nyumba moja Maji ya Chai

Binti ana miaka minane. Meno yake mawili ya mbele ya juu yameota na rangi ya kahawia, na la kushoto lina vishimo vidogo vidogo kana kwamba limedungwadungwa na sindano. Mdogo wake wa kiume ana mwaka mmoja na miezi mitano, ana meno kumi na mawili, yote meupe pe. Mama aliwapeleka wote wawili kwa daktari wa meno Arusha mjini akiwa na swali moja: huyu mdogo amepona, au na yeye yatamkuta?

Weupe wa meno ya mdogo hauwezi kujibu swali hilo. Kilichomharibia dada yake meno ni floraidi, madini yaliyoyeyuka ndani ya maji, ambayo yakizidi huharibu jino wakati linajengwa. Meno ya utoto hujengwa kwa sehemu kubwa mtoto akiwa tumboni na miezi michache baada ya kuzaliwa, na kipindi hicho chakula chake ni damu ya mama na ziwa la mama. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji mabaya. Meno ya kudumu yana ratiba nyingine. Yale ya mbele huanza kujengwa ndani ya fizi mtoto akiwa na miezi mitatu au minne, na kipindi chake cha hatari zaidi ni kati ya mwaka mmoja na robo na miaka miwili na nusu. Kisha yanakaa humo yamejificha mpaka mtoto afikishe miaka sita, saba au minane. Kwa hiyo kilichoonekana kwa binti mwaka huu kilipikwa kwenye sufuria miaka sita iliyopita, na cha mdogo kinapikwa sasa hivi.

Nyumba yenyewe iko kata ya Maji ya Chai, wilaya ya Arumeru, juu kidogo ya barabara ya kwenda Moshi. Watu ni sita: baba, mama, bibi mzaa baba, watoto wawili na dada wa kazi. Maji ni ya bomba la uani kutoka kisima kirefu cha mtaa. Jikoni kuna chujio la mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya wanyama iliyochomwa ili inase floraidi, ndoo mbili zimepandana, ya juu ikiwa na chengachenga nyeusi. Nyuma ya nyumba kuna simtank la lita 1,000 linalokinga maji ya mvua, nayo hutumika kufulia na kumwagilia mboga. Maji ya kunywa yanachujwa na kuchemshwa kila jioni bila kukosa. Hawa si watu wazembe hata kidogo, na ndiyo sababu kisa chao kinafaa kuchambuliwa.

Miamba na majivu ya volkano ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, na maji yanayopita humo yana magadi mengi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwepo ya kutosha ingeikamata floraidi na kuituamisha chini. Isipokuwepo, floraidi hubaki imeyeyuka ndani ya maji na kuletwa hadi bombani. Rangi haisaidii kutambua. Mto ulioipa kata jina lake una maji ya rangi ya chai kweli, lakini kisima kinachotoa maji maangavu kama kioo kinaweza kuwa kibaya kuliko mto jirani, na visima viwili vilivyo umbali wa kutupa jiwe vinaweza kupishana mara tatu. Hakuna namna ya kujua ila kupima. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na ndicho cha Tanzania sasa hivi; kwa miaka mingi nchi iliruhusu mpaka 8, kwa kuwa sehemu kama hizi hazikuwa na maji mengine ya kuwapa watu.

Sampuli tatu zilipelekwa maabara ya maji, kila moja kwenye chupa safi ya plastiki ya nusu lita iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yale yale yanayopimwa. (Chupa ya glasi haifai kwa kipimo hiki, kwa kuwa floraidi hushikamana na glasi.) Bomba la uani: 5.8. Maji yaliyotoka kwenye chujio: 5.1. Maji ya simtank: karibu sifuri. Baba alipoona namba ya pili aliuliza kama karatasi imechanganywa. Haikuchanganywa. Chujio lilikuwa limekufa.

Chengachenga za mifupa hunasa floraidi mpaka zishibe, basi. Kwa makadirio ya matumizi ya nyumbani, gramu moja ya mkaa mzuri hubeba kama miligramu 2. Ndoo yao ina kilo 10, yaani uwezo wa miligramu 20,000 hivi. Kila lita ya maji yao inatakiwa kuacha humo kama miligramu 5, hivyo ndoo ilikuwa na lita 4,000 za kazi. Nyumba ilichuja lita 30 kwa siku. Gawanya: siku 133, miezi minne na nusu. Chujio lilinunuliwa binti alipokuwa na miaka mitano, na chengachenga hazijabadilishwa tangu siku hiyo. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu maji yalikuwa yakipita kwenye mifupa iliyoshiba na kutoka yalivyoingia, maangavu na matamu, maana floraidi haina ladha, haina harufu na haina rangi. Chujio la vijidudu likiziba linakushtua kwa kudondosha pole pole. Hili likichoka halikuambii kitu.

Kosa la pili lilikuwa kwenye koki. Dada wa kazi alikuwa anaifungua yote ili ndoo ijae haraka kabla ya kupika. Maji yanatakiwa kukaa na mifupa angalau dakika 20, kwa hiyo koki inafunguliwa kiasi cha kutoa uzi mwembamba, siyo mkondo. Hata mkaa mpya ungefanya kazi nusu kwa mwendo ule.

Sasa njoo kwenye kuchemsha, maana hapa ndipo jitihada yenyewe iligeuka kuwa kosa. Lita 5 zilikuwa zinawekwa kwenye jiko la mkaa baada ya ugali wa jioni, zikaachwa zikitokota mpaka moto ufe wenyewe. Asubuhi zilibaki lita 4. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki. Maji ya 5.1 yakawa ya 6.4, mabaya kuliko ya bombani. Kuchemsha kunaua vijidudu na hakuachwi, lakini kwa mwinuko wa Arumeru yakishatokota kwa nguvu dakika moja inatosha. Sufuria ifunikwe, itolewe jikoni. Utaokoa na mkaa wa kupikia. Dawa ya kutibu maji kwa klorini, kitambaa, chungu cha udongo na vile vichujio vya mshumaa wa kauri vyote havigusi floraidi.

Ilibaki kujua mtoto anameza kiasi gani. Kipimo kinachotumika sana kwa watoto ni kutozidi miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kadi yake ya kliniki inasema kilo 10, kwa hiyo mpaka wake ni miligramu 1. Mama na dada waliandika kwa siku tatu kila kilichoingia mdomoni, na wastani ulikuwa hivi. Uji wa lishe vikombe viwili, ndani yake maji kama mililita 360: miligramu 2.3. Maji ya kunywa robo lita: 1.6. Chai ya maziwa nusu kikombe: 0.4, kwa kuwa majani ya chai nayo yana floraidi yake. Chakula kilichopikwa kwa maji ya bomba, wali, ndizi, mchuzi: 0.9. Magadi ndani ya kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage): 0.3. Dawa ya meno aliyomeza: 0.7. Jumla 6.2, zaidi ya mara sita ya mpaka. Ziwa analonyonya usiku halikuongeza kitu cha kuhesabika.

Karibu theluthi mbili ya mzigo ule ilitoka kwenye maji yaliyochujwa na kuchemshwa, yale yale yaliyotunzwa kuliko mengine yote. Na chanzo kikubwa kuliko vyote ni uji. Watu wengi wakiulizwa mtoto anakunywa maji kiasi gani hutaja kikombe cha maji na kusahau kwamba uji ni maji yenye unga. Mtoto wa umri huu hunywa maji mengi kupitia uji kuliko kupitia kikombe, na mama akimaliza miezi sita ya kunyonyesha bila kitu kingine, siku ya uji wa kwanza ndiyo siku floraidi inapoanza kuingia.

Bibi alikuwa na hoja yake, na ilistahili kusikilizwa. "Haya maji tumekunywa tangu tukiwa wadogo, mwanangu. Tumezaa, tumelima, tumezeeka. Leo ndiyo yamekuwa sumu?" Mkwewe alimjibu kwa adabu kwamba hakuna anayesema bibi alikosea, na akamuuliza magoti yanaendeleaje. Pale chini ya Meru kuna wazee wengi wenye migongo na viungo vilivyokakamaa, na floraidi nyingi kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa kama inavyoingia kwenye meno; kuna hata watoto waliopinda miguu kwenye vijiji vyenye maji makali zaidi. Maumivu ya bibi yanaweza kuwa ya uzee tu. Hakuna aliyempima. Lakini swali lile lilimfanya akae kikao.

Mgogoro wa kweli ulikuwa magadi. Kiburu bila magadi, kwa bibi, si kiburu, na maharage ya makande yasiyotiwa magadi yanamaliza mkaa. Magadi ya sokoni yanatofautiana vibaya sana: kilo moja inaweza kuwa na mamia ya miligramu za floraidi au ikapita elfu, na yale ya ungaunga yaliyokwanguliwa pamoja na udongo kwa kawaida ni mabaya kuliko mabonge ya kung'aa. Hesabu ya 0.3 hapo juu imechukua nusu kijiko cha chai, gramu 3, kwa sufuria ya watu sita, na miligramu elfu moja kwa kilo, sahani ya mtoto ikiwa sehemu ya kumi ya sufuria. Siku ambayo mkono umeteleza ni mara mbili yake. Suluhisho lilikuwa kuloweka maharage tangu jioni kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili, kumwaga maji ya kulowekea na kupika kwa maji mapya. Yanaiva, ingawa yanachelewa kama nusu saa. Sahani ya mtoto inatoka kwenye kisufuria chake kidogo. Ya wakubwa bado ina magadi kidogo siku za Jumapili, na bibi anasema hiyo ya mtoto haina mvuto.

Dawa ya meno ilikuwa shughuli ya binti, aliyependa kumpiga mswaki mdogo wake na kujaza mswaki kama kwenye matangazo. Dawa nyingi madukani zina miligramu 1.45 za floraidi kwa gramu. Mtoto wa umri huu hajui kutema, anameza. Hatukushauri iachwe, kwa sababu inapogusa jino kwa nje inalinda lisioze, na jino lenye vishimo huoza haraka. Kinachotakiwa ni kiasi: punje ya mchele mpaka miaka mitatu, punje ya njegere baada ya hapo, na mswaki ushikwe na mtu mzima. Punje ya mchele ni kama gramu 0.1, yaani miligramu 0.15 hata akimeza yote.

Kwenye maji, familia ilikuja na wazo la kununua mtambo mkubwa utakaosafisha maji ya nyumba nzima. Bei iliwakatisha tamaa, na hiyo ndiyo njia watu wengi huishia: kikubwa hakiwezekani, basi hakifanyiki hata kidogo. Hapa msimamo wetu hauyumbi. Maji safi kabisa yaanzie kwenye mdomo mdogo kuliko yote, kwa sababu ndio wenye meno yanayojengwa leo. Baba hana jino linaloweza kuharibika tena kwa njia hii. Binti wa miaka minane, ukiacha magego ya mwisho, amemaliza. Kwake kinacholindwa ni mifupa.

Mtoto mmoja anahitaji lita 3 kwa siku kwa uji, kunywa, chai na kisufuria chake, pamoja na za kusuuzia vyombo vyake. Kuanzia Juni hadi Oktoba, kati ya masika na vuli, kuna siku 150 hivi. Lita 450. Simtank ya lita 1,000 iliyokuwa ikifulia nguo ilikuwa inatosha mara mbili, na kisa hiki kilikuja katikati ya Mei, ikiwa imejaa. Paa lao la mita 6 kwa 8 likinyeshewa milimita 10 tu linatoa lita 480, na hata ukitoa sehemu ya tano inayopotea, siku tatu za mvua nzuri zinajaza tangi. Hakuna kilichonunuliwa zaidi ya wavu wa mbu wa kufunika mdomo wa tangi, kipande cha bomba na kufuli.

Kufuli ni la koki. Bila kufuli, mtu akikurupuka na nguo za shule Jumapili jioni wakati bomba limekatika, lita 60 zinaondoka kabla hujageuka.

Maji ya mvua hayana floraidi ila yana kinyesi cha ndege na vumbi, kwa hiyo gata husafishwa kabla ya msimu, na kila mvua ya kwanza baada ya kiangazi bomba linaelekezwa pembeni mpaka zitoke ndoo mbili. Kisha yanachemshwa dakika moja kama tulivyosema. Yakipungua mno Oktoba yanaweza kuchanganywa na maji ya chujio lililo hai. Asiye na paa la bati wala tangi anaweza kununua maji ya chupa kubwa kwa ajili ya mtoto peke yake, akisoma kwanza kibandiko, kwa kuwa floraidi huandikwa pale kwa miligramu kwa lita. Usikubali yaliyo juu ya 1.

Chujio lilijazwa upya kwa wakubwa na binti. Mkaa mzuri wa mifupa ni mweusi au wa kijivu iliyokoza, chenga zake kama za chumvi ya mawe. Uliochomwa mno hadi kuwa mweupe umepoteza nguvu. Uliochomwa kidogo unatoa maji ya manjano yenye harufu ya nyama iliyoungua, na hapo ndipo familia nyingi hulitupa chujio na kuapa kutolirudia. Kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji pale Ngurdoto, si mbali na nyumba hii, kinajua kazi hiyo. Mwenye shaka ya dini aulize ni mifupa ya mnyama gani. Ni swali la kawaida na hujibiwa bila kukasirika. Mkaa mpya unasuuzwa mpaka maji yatoke maangavu na ndoo mbili za kwanza hazinywewi.

Aliyehitaji kuelezwa kuliko wote ni dada wa kazi, kwa kuwa yeye ndiye anayepika uji saa moja asubuhi wengine wakikimbilia daladala. Mwanzoni aliambiwa tu "usitumie maji haya", na wiki ya kwanza uji ulipikwa kwa maji ya bomba mara mbili, dumu la mtoto lilipokuwa tupu. Alipoonyeshwa meno ya binti na kuelezwa ni uji wa mwaka gani uliofanya vile, yeye mwenyewe alifunga utepe mwekundu kwenye dumu na kikombe, na sasa anamkatalia hata baba.

Kuhusu binti, mama alikuwa amejaribu limau na magadi ya keki, na bibi mkaa wa kusaga na chumvi. Rangi hii imo ndani ya gamba la jino, haijapakwa juu. Limau linayeyusha gamba, mkaa unalikwangua, na jino linabaki na doa lile lile likiwa jembamba zaidi na linauma kwa maji baridi. Daktari wa meno anaweza kulisugua juu juu kwa dawa maalumu pale madoa ni mepesi, au kuziba vishimo kwa ujazo wa rangi ya jino. Kwake alipendekeza kuziba lile la kushoto sasa na mengine kusubiri yaote yote. Binti aliuliza jambo moja tu, kama itakuwa tayari kabla ya picha ya darasa.

Baada ya mabadiliko, siku tatu nyingine ziliandikwa. Mzigo wa mdogo ulikuwa chini ya miligramu 0.5. Maji ya chujio jipya yalipima 0.4 mwezi wa kwanza na 0.5 mwezi wa tatu. Kwa kuwa matumizi yamepungua hadi lita 20 kwa siku, hesabu ilisema litadumu miezi sita; kipimo cha mwezi wa tano kikasoma 1.3, likabadilishwa siku ileile, na tarehe ikaandikwa kwenye kifuniko kwa wino usiofutika.

Tundu lililobaki ni chekechea. Mwakani anaanza, na pale kuna uji wa saa nne unaopikwa kwa maji ya bomba hilo hilo la mtaa. Mama ameomba awe anabeba wake kwenye chupa ya chai, mwalimu amekubali kwa shingo upande. Meno yenyewe ya mbele yataanza kuonekana akiwa darasa la kwanza.